Bomba la Gari-Nyumba Langu

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Gari-nyumba limeingia uani! Trekta limelivuta kutoka Makumira mpaka hapa Sokon One, na njia nzima watu walisimama kutazama. Nani mwingine Arusha hii ana gari lenye vitanda, meza, jiko na bomba la maji? Injini imekufa. Hilo dogo. Nyumba gani ina injini?

Nimelipata kwa Waholanzi wawili waliokwama Makumira. Nimewapa pikipiki yangu, wakapakia mabegi, wakapakatana, hao kuelekea Nairobi. Mke wangu Anande anasema pikipiki angalau ilikuwa inatembea. Nimemwambia siku hizi ni biashara huria, mtu hatajwi kwa kutembea, anatajwa kwa mali.

Mpango ni huu. Baba mkwe, Mzee Elinami, ana kiwanja Usa River, kando kabisa ya barabara kuu ya Moshi. Ametangaza kwamba atampa mmoja wa wakwe zake wawili, yule atakayemwonyesha kazi ya maana. Mkwe wa kwanza ni mimi. Gari naliweka pale, madereva na watalii wanakunywa chai humo ndani. Hoteli ya Magurudumu! Mkwe wa pili ni mwanyumba wangu Gidion, aliyemwoa Irine, mdogo wake Anande. Ana duka la vifaa vya ujenzi Daraja Mbili. Misumari! Mzee ameshakwenda kuliona. Kwangu anakuja Jumamosi kunywa chai.

Kuna kikwazo kidogo. Tangu Pasaka Mzee hasemi nami ila kwa kupitia Anande. Nilimtengenezea bomba la kunyweshea ng'ombe, likapasuka, maji yakazoa miche yake yote ya kahawa. Anataka nimwombe msamaha. Mimi! Bomba lilikuwa bovu tangu mwanzo, ndiyo maana nikalitengeneza. Siombi.

Jioni nimegundua bomba la jikoni mwa gari linavuja. Tone, tone, tone. Kesho nalimaliza.

Jumanne, 10 Agosti

Bomba hili lina maringo. Shingo moja, mkono mmoja. Ukiupeleka kushoto unapata ya moto, kulia ya baridi, yote yanachanganyikia humo humo. Wenyewe wanaliita miksa. Kwangu bomba ni bomba. Nimelifungua nitafute washa, kile kipira cha kuzuia maji, kwa maana kila bomba chini ya jua lina washa. Hili halina! Nimekuta kidude cha plastiki chenye matundu kama kifungo cha koti. Waholanzi walisahau kuweka washa, wakaweka kifungo. Sishangai safari iliwashinda. Nimekitupa.

Washa nimetengeneza mwenyewe. Fundi yeyote nchi hii anajua kwamba washa bora hutoka kwenye ndala. Nikachukua ndala ya Anande, ya kushoto, nikakata duara safi kabisa kwenye kisigino. Nikafunga. Nikawasha pampu. Loo! Maji yalitoka juu, yakatoka chini, yakatoka ubavuni. Mahali pekee ambapo hayakutoka ni mdomoni mwa bomba.

Anande amekwenda kuoga akiruka kwa mguu mmoja. Aliuliza ndala yake nyingine iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Jumatano, 11 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Gidion kutafuta katani ya kuzungushia bomba. Niliingia taratibu, kama mpita njia. Nikamwambia nina rafiki yangu, bomba lake linavuja. Akauliza bomba gani. Nikasema la kawaida tu, la mkono mmoja, la moto na baridi. Akanitazama. Akauliza huyo rafiki yangu anaishi kwenye gari? Duka zima likacheka. Ana midomo huyu!

Kisha akanieleza kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi kuliko midomo. Bomba la namna hiyo haliwekwi washa wala katani. Kinabadilishwa kidude cha ndani. Anacho, kimetoka Nairobi, na atapita kesho akiweke bure kwa sababu sisi ni ndugu. Nikamwambia rafiki yangu hapendi kusaidiwa. Nikanunua mtego wa panya ili nisitoke mikono mitupu. Nyumbani hatuna panya.

Anande aliposikia alishika kichwa. Mficha uchi hazai, akasema, ungekichukua tu. Nikamuuliza: Jumamosi Mzee amalize chai yake, halafu Gidion aseme bila yeye tusingeinywa? Afadhali kiu.

Alhamisi, 12 Agosti

Mpira wa tyubu! Kwa nini sikuukumbuka? Baiskeli, mpini wa jembe, mguu wa meza, mguu wa kuku, vyote nchi hii vimefungwa kwa mpira wa tyubu. Nimeizungushia miksa shingo nzima mpaka ikawa kama ya mtu mwenye rovu. Juu yake nikasiliba sabuni ya mche. Nikawasha pampu. Kimya. Nikamwita Anande aje aone mume wake ni nani.

Akaja. Mpira ukavimba. Ukazidi kuvimba. Ukaachia! Magodoro yote mawili chapachapa, na pazia, na sare ya kwaya ya Anande aliyokuwa ameipiga pasi na kuining'iniza humo isiingie vumbi. Povu mpaka kwenye kioo cha dereva. Lakini tuseme ukweli, gari sasa ni safi kuliko lilivyotoka kwa Waholanzi.

Anande hasemi nami. Baridi ya Agosti imekaza, Mlima Meru haujatoa pua siku nzima kwa mawingu, na magodoro hayataki kukauka. Nimeogopa kidogo. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: kile kiwanja nakitaka. Nakitaka mno. Tangu nilipopunguzwa kiwandani, ukoo mzima unaniita yule mume wa Anande. Siitwi hata jina. Nataka watu wapite Usa River waseme, pale ni kwa Elimringi.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimepata! Nimepata! Asubuhi nimetoka kunawa uso, nikaliona limesimama mbele yangu. Isale! Anande alileta vipandikizi kutoka Machame, akapanda masale mpakani mwa ua kama ilivyo desturi kwetu. Jani refu, gumu, lina nyuzi, ulivute utakavyo halikatiki. Katani ya nini tena? Nikachuma jani moja zuri, nikalizungusha kwenye maungio ya bomba, nikakaza kwa meno, na ncha iliyobaki nikaipiga fundo juu ya shingo. Nikawasha pampu.

Hakuna tone. Hakuna! Pampu imejaza, imenyamaza. Nimecheza humo ndani mpaka gari likayumba.

Anande alipoona fundo alishtuka. Akasema isale si la kuchezea. Sisi Wachaga humpelekea mtu jani la isale lenye fundo pale tunapomwomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Sasa mimi namwomba bomba msamaha? Nikamjibu kwamba mila naijua, nimezaliwa Machame kama yeye, lakini hii ni teknolojia. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Halafu akalitazama lile jani kwa muda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vizuri, lakini nisiliguse tena mpaka baba yake aje.

Hatimaye mke wangu amekitambua kipaji changu.

Jumamosi, 14 Agosti

Nieleze kwa mpangilio.

Mzee amekuja na koti lake la kanisani na kofia, Gidion nyuma yake. Nikasema shikamoo baba. Akamjibu Anande marahaba. Akapanda ngazi. Akatazama meza, akabonyeza kitanda (kilikuwa bado na unyevu, akadhani ni upya), akaguna ule mguno wa mtu aliyeridhika. Anande akachota maji ya chai, bomba likatii kama mtoto wa mchungaji. Mzee akageuka anawe mikono.

Akaliona isale.

Akavua kofia. Akamuuliza Anande nani amelifunga fundo lile. Nikadakia mwenyewe, kifua mbele: ni mimi baba, kwa mikono yangu hii, na nimelifunga kwa ajili yako. Si uongo. Chai ilikuwa yake.

Mzee Elinami akalia! Mzee yule! Akanishika bega akasema nami, mimi mwenyewe, si kupitia mtu. Akasema tangu Pasaka anangoja jani hili, na kila gari likisimama barabarani alikuwa akichungulia kama ni mimi. Akasema kahawa atapanda nyingine, lakini mkwe hapandwi. Hakujua nina moyo wa kujishusha namna hii, tena nimelifunga kwenye bomba, kwa kuwa ugomvi wetu ulianzia bombani. Amenisamehe yote. Na kiwanja ni changu. Gidion akanipa mkono, na niseme haki, macho yake yalikuwa yamelowa. Anande akanikanyaga mguu kwa nguvu, maana yake nyamaza.

Kunyamaza! Uvumbuzi mkubwa namna hii unaitwa msamaha, na mimi ninyamaze? Nikamwambia hapana baba, hukunielewa. Siombi msamaha mimi, kosa sina. Jani hili linazuia maji, na Tanzania nzima hakuna aliyewahi kulitumia hivi kabla yangu. Mzee akasema haelewi. Nikamwambia basi tazama. Anande akapiga yowe. Nikafungua fundo, nikalichomoa jani.

Maji yalimpata Mzee kifuani, yakapanda usoni, kofia aliyoishika ikajaa. Nikamwambia, unaona baba? Nguvu yote hiyo, na jani moja tu lilikuwa limeishika!

Alimwaga kofia yake dirishani, akashuka ngazi bila kunywa chai. Pale pale uani kiwanja amempa Gidion. Kisha akamwagiza Anande anipe pole.

Jumapili, 15 Agosti

Kanisani niliimba peke yangu sauti ya juu. Anande hakuimba, sare yake haijakauka.

Baada ya ibada Gidion amekuja na kile kidude chake cha Nairobi. Akakitumbukiza, akakaza, akawasha pampu. Bomba halivuji. Nimemweleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeshalilegeza.

Hakucheka. Akakaa kwenye ngazi ya gari akasema usiku hakupata usingizi. Kiwanja hakitaki kwa njia hii. Amezungumza na Mzee, na Mzee amesema bado yuko tayari kubadili uamuzi: nikimletea isale kesho, kwa mkono wangu, kabla wapimaji wa ardhi hawajafika kumpimia Gidion kiwanja, yaliyopita yamepita na kiwanja ni changu. Nisiseme hata neno moja. Hasa nisiseme neno. Gidion alilirudia hilo.

Anande analia. Amesema hataki hoteli, hataki gari, anataka tu baba yake na mume wake wakae meza moja Krismasi ijayo. Nilipomwona hivyo moyo uliniuma kweli. Nampenda mke wangu. Nimekubali! Amechuma isale mwenyewe, akalipiga fundo, akaniwekea mezani.

Jumatatu, 16 Agosti

Tunaondoka sasa hivi kwenda kwa Mzee, Usa River. Anande amevaa, anatabasamu, ameshaniuliza mara mbili kama nimebeba jani. Nimelibeba. Liko mfuko wa ndani wa koti.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila hasira. Mzee alikuja kwangu, akakataa chai yangu, akampa mtu mwingine kiwanja changu mbele ya mke wangu. Nani hapo amemkosea mwenzake? Lakini sina kinyongo mimi. Baba mkwe ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, na masale ya kwake yako kule chini mpakani. Asihangaike kwenda kutafuta jani la kuniombea msamaha. Nitamkabidhi hili la kwangu mkononi, kisha nitamweleza la kufanya.