Wazee Waondolewe Kwenye Kona

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Siku ya Mbio za Pikipiki,
Basotu.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Mjomba Sylvester,

Shikamoo. Naanza na shikamoo ili ijulikane mapema kwamba mwandishi ni mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

YAH: KUNUSURIKA KWANGU KONANI, NA KUNYANG'ANYWA UFUNGUO

Jumamosi uliniona mwenyewe kwenye uwanja wa zamani wa ndege, kule mashamba ya ngano. Nilikuwa mbele. Nikolausi wa Gendabi alikuwa nyuma yangu anakula vumbi, na kwa alivyokonda lilimfaa. Nikafika kwenye kona ya pipa. Hapo kamati yako ilikuwa imeegesha tela la trekta, na juu ya tela wamekaa wazee, mbele kabisa Mzee Akonaay na fimbo yake. Badala ya kukata kona nikajikuta nalifuata tela. Nilisimama tairi la mbele likiwa chini kabisa ya viatu vya mzee. Sikuanguka. Naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu: hakuanguka. Lakini mmenifungia mbio zijazo, na wewe umechukua ufunguo wa pikipiki, eti naendesha kihuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana aliyelelewa Masieda hawezi kumpita mzee kimya. Mama yangu, ambaye ni dada yako, alinichapa kwa kosa hilo hata kabla sijajua kuongea vizuri. Kwa hiyo niliinua mkono wa kulia nikasalimu. Kwamba breki ya mbele nayo iko mkono wa kulia, hilo kawaulizeni waliotengeneza pikipiki.

2. Mzee hasalimiwi na kofia kichwani, na helmeti ni kofia. Nilipoivua ikakwama puani, ikaniziba macho. Mnasema sikuangalia mbele. Ningeangaliaje? Kamati ndiyo iliyolazimisha helmeti, na kamati ndiyo iliyoleta wazee. Chagueni kimoja.

3. Marahaba ya Mzee Akonaay ni ndefu mno. Tairi liko miguuni pake, wenzake wanarukia upande wa pili wa tela, yeye ametulia: "Marahaba. Kijana wa nani wewe?" Nikamtajia baba, nikamtajia babu. Akauliza kama mvua imenyesha Masieda. Nilipofika kwenye habari za ng'ombe, Nikolausi akapita.

4. Huyo Nikolausi hakumsalimu mtu. Alikatiza pale kama mbwa anavyokatiza kanisani, akapewa jogoo wa ushindi, na Mama Benedikta akampigia vigelegele. Watoto walikuwepo wanaona.

5. Naomba wazee wahamishiwe sehemu iliyonyooka. Ikishindikana, wasalimiwe wote kwa jumla asubuhi, na shikamoo hiyo idumu mpaka jioni. Ikishindikana, wateue mzee mmoja wa kupokea shikamoo za wote, naye akae nyumbani kwake. Ikishindikana kabisa, kila mwendeshaji ampakie mzee wake nyuma, amsalimu kabla ya kuondoka, waulizane habari njiani. Mimi nipeni Mzee Akonaay. Ni mwepesi na haogopi.

6. Siku hizi tuna mkoa wetu wa Manyara, hatulalamiki tena Arusha. Nisiposikilizwa nitafika Babati kwa Mkuu wa Mkoa. Kwa miguu ni mbali, na aibu hiyo itakuwa ya kwako.

Nimalizie kwa kumsalimu mkeo Mama Monica, Bibi Efrazia, watoto wote, na lile dume lako jeupe la ng'ombe. Hata Nikolausi mwambie namsalimu. Yeye hataitika, hana mazoea.

Ni mimi mpwa wako unayemwonea, mwendeshaji bora Basotu nzima,

Baltazar Sulle
(Darasa la Saba, na sekondari kidogo)

N.B. Nilipokuwa naandika hapa kibarazani kwa jirani yetu Genoveva, Mzee Akonaay amepita. Akasimama, akakohoa, akangoja. Sikuinuka wala sikuvua kofia, kwa sababu nilikuwa katikati ya namba tano na maneno yangenipotea. Akasema "Haya" tu, akaondoka. Sasa anakuja huko kwako, na kumbe anatembea haraka. Barua hii nampa Tekla, binti wa Genoveva, akimbie nayo. Ningemuwahi mzee mimi mwenyewe, lakini ufunguo unao wewe.