Marashi ya Wanja

Jumatano, 6 Agosti 2025
Jumamosi ni ruracio ya binamu yangu Wanja, hapa Landless. Anayeleta mahari ni Zacharia wa Gitothua. Zacharia wangu! Yaani, yeye hajui ni wangu. Tuliimba kwaya pamoja, na siku moja ya mvua alinishikia mwavuli hadi steji. Kisha Wanja akajiunga na kwaya, mwavuli ukahama.

Shangazi yetu, Tata Wamboi, anataka niwe kati ya wasichana watakaofunikwa leso gubigubi, Zacharia amtafute wake. Akikosea, faini ni mbuzi. Akikosea! Akinishika mimi, basi Mungu amesema.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeazima viatu vyekundu vya Wanja. Vinabana. Nimefanya mazoezi ya mwendo wake chumbani. Jirani yangu Akoth akagonga, akauliza kama nimeumia nyonga.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Tata Wamboi ameamuru sote tuvae soksi, bila viatu. Eti wanaume wa siku hizi wanatambua miguu. Sawa. Nimebeba chupa ya marashi ya Wanja. Sijaiba, sisi ni damu moja.

Jumamosi, 9 Agosti
Amenichagua! Nilijimwagia karibu chupa nzima, hata wa kando yangu akapiga chafya. Zacharia alipita, akarudi, akanishika mkono. Akanong'ona, "Nimekujua, mpenzi." Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu. Nilifumba macho humo ndani, nikaomba wasiifunue leso.

Wakaifunua. "Ai! Kumbe ni Emmah tu!" Zacharia akasema. Hema zima likaangua kicheko. Wanja naye akacheka chini ya leso yake, na Zacharia akamwendea moja kwa moja. Kicheko cha Wanja sikuwa nimekifanyia mazoezi.

Nimerudi na pilau ya kufungiwa. Nimekula peke yangu, kwa kijiko. Mkono ule sijauosha.

Jumapili, 10 Agosti
Nimelia kanisani, wakadhani ni mahubiri. Upweke ni kitu kibaya. Nimeapa: leso basi, upuzi basi.

Baada ya ibada Tata Wamboi akasema Dianah wa Witeithie analetewa mahari mwezi ujao, na wamepungukiwa na msichana mmoja wa kufunikwa. Nimekataa katakata. Bwana harusi mwenyewe hata simjui!

Jioni nimempigia Dianah, kumpongeza tu. Nimemchekesha sana. Kicheko chake si kigumu: kifupi, cha puani. Nimekijaribu mara kadhaa hapa kitandani.

Akoth amegonga. Anauliza kama leo nina mgeni.