Madabodi Mpya, Vingine Vyote Vilevile

Jumatatu, 3 Juni

Nimenunua madabodi mpya. Basi. Ubao mmoja tu, ule ambao vipuri vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Muuzaji alitaka kunibebesha na prosesa, feni, RAM, kadi ya skrini, diski na pawa saplai. Nikamwambia vyote ninavyo. Akauliza vina umri gani. Nikamuuliza yeye ana umri gani. Tukaachana hapo.

Hesabu: vipuri saba, kimoja kipya, sita vya zamani. Hivyo ndivyo mtu anavyojenga studio ya picha bila baba wa kumshika mkono.

Jumamosi mama mkwe anakuja na mashoga zake kutazama video ya harusi ya kitinda mimba wake. Niliipiga mimi. Imo kwenye diski yangu, na haimo mahali pengine popote. Kompyuta inaganda kila bibi harusi anapofika mlangoni. Miezi sasa, hajaingia. Mama mkwe amesema safari hii ikishindikana, sherehe zote za ukoo zitapigwa picha na shemeji. Huyo ni kaka wa mke wangu, ana duka la kompyuta ng'ambo ya barabara na kibandiko mlangoni: MTAALAMU. Alijibandikia mwenyewe.

Ukoo ule huoa na kuzaa bila kupumzika. Ni nusu ya wateja wangu!

Jumanne, 4 Juni

Nimeifungua kompyuta. Ndani mna vumbi la kupandia viazi, nimelipangusa lote. Nimetoa madabodi ya zamani.

Shemeji akaja eti kusalimia. Macho yote mezani. Akauliza kama nimehakikisha vitu vya zamani vitapatana na ubao mpya. Nikamjibu kuwa tundu ni tundu. Akaomba nimuuzie ule wa zamani. Nilijizuia kucheka mpaka akavuka barabara. Mtaalamu mzima ananunua takataka yangu!

Jumatano, 5 Juni

Vijiti viwili vya RAM, kumbukumbu inayoipa kompyuta kasi, vimegoma kuingia. Kila kijiti ni cha kijani na kina pengo dogo upande wa chini, na pengo la ubao mpya limekaa pengine. Kosa la kiwanda. Nimechukua tupa ya mke wangu ya kucha nikachonga pengo jipya kwenye kijiti cha kwanza. Kimeingia! Pamoja nacho imeingia harufu ya kuungua. Cha pili nimekiacha kwanza.

Feni haishiki, nimeifunga kwa waya. Prosesa, ubongo wenyewe, inacheza kwenye kiti chake kama jino la mtoto. Nimeiweka kando ipumzike.

Mke wangu akaniuliza kwa upole kwa nini tupa yake ni ya kijani. Nikasema sijui.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimefika kwenye diski. Diski yangu hutumia mkanda mpana, mpana kama mshipi. Ubao mpya una vitundu vyembamba tu. Nimeugeuza juu chini. Nimemulika tochi. Hakuna pa kuuchomeka mkanda.

Nikakaa chini. Harusi nzima imo humo. Ubao pekee ninaoujua unaosomana na diski hiyo nimeuuza juzi, huku nikicheka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimevuka barabara. Nikajifanya napita tu.

Madabodi yangu iko ukutani kwa shemeji. Ameigeuza saa! Mhimili wa mishale umepenya kwenye tundu la skrubu, pale pembeni, na tarakimu amezibandika kwa gundi. Wateja wanaisifia. Nikauliza kama anaiuza. Akasema haiuzi, ila anaweza kubadilishana. Na nini? Na ubao wangu mpya.

Nikamwambia huo ni unyang'anyi. Akasema ni sawa, akaendelea kufuta kaunta.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mama keshaalika watu. Mimi sitaki kupiga harusi, nina kazi zangu. Chukua ubao wako uende."

Nikachukua. Sikushukuru sana, asije akavimba kichwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudisha vyote sita mahali pake. Vimeingia kama nguo kabatini, ila RAM ni kijiti kimoja sasa, kile nilichokiepusha na tupa. Mshale mmoja wa saa umekataa kutoka. Nimeuacha.

Mama mkwe kakaa mbele na mashoga zake, mikoba mapajani. Shemeji kasimama nyuma. Nikabonyeza. Bibi harusi akafika mlangoni. Jasho likanitoka. Hakuganda! Huenda lilikuwa vumbi tu. Ila kijiti kimoja hakina pumzi: akaingia polepole, polepole mno, mguu mmoja ukaenda, tukasubiri, ukafuata wa pili. Shela ikainuka kama mtu anayewaza. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, mama mkwe alikuwa analia.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ile alipita mbio, hata sikumwona. Leo nimemwona."

Mashoga wote walikuwa wametoa leso. Mmoja akaniomba nimpigie harusi ya mjukuu, hivyohivyo, kwa heshima. Mwingine akataka yake ya zamani ipunguzwe mwendo. Nikasema ni mtindo wangu, unahitaji mitambo maalumu. Shemeji akakohoa. Akapita karibu yangu, akaninong'oneza kwamba kwa oda hizo ninunue kompyuta nzima, mpya, kila kitu kinachoelewana. Nikamwambia nimemsikia.

Jumatatu, 10 Juni

Kweli nimemsikia. Nimetafakari ushauri wake kwa kina, nikaona una kasoro: ni vipuri saba vya kununua.

Shida yangu haikuwa vitu vya zamani. Nilianzia pabaya, ndiyo maana! Ubao wa zamani hauna ubaya wowote, na saa unaonyesha. Kinachohitajika ni prosesa tu.

Nimenunua prosesa mpya. Muuzaji aliuliza ubao wangu ni wa aina gani. Nikamwambia wa kutosha.

Ni kubwa kidogo kuliko kiti chake. Mke wangu ameificha tupa. Mimi nimeazima ya fundi seremala.