Ng'ombe wa Mjomba Ruprecht na Nafasi ya Mwisho ya Barafutoni

Jumatatu, 23 Septemba

Shule ya mbio za skii, na theluji hakuna hata ya kulowesha ulimi. Majani yanapukutika, ukungu umelala bondeni hautaki kuamka, na sisi tunakimbia. Asubuhi tunakimbia. Jioni tunaruka masanduku kama vyura. Nilikuja hapa Hinterlahn kuteremka mlima, na mpaka leo kazi yangu ni kuupanda. Aliyepanga utaratibu huu alikuwa na homa.

Leo Kocha Egartner, mwenye uso kama mlango uliofungwa, ametoa tangazo. Jumamosi tutakimbia kutoka getini mwa shule mpaka kibanda cha Moosegg, kule juu ng'ombe wanakolishwa wakati wa kiangazi. Kikosi cha barafutoni, cha wale watakaokwenda kuteleza kwenye barafu isiyoyeyuka wakati sisi wengine tunatafuna ukungu, kimebakiwa na nafasi moja. Tunaigombea watatu: mimi, Laurin na Vinzenz.

Kisha akanivuta pembeni. Akanikumbusha kwamba nimerudia darasa, na kwamba mkurugenzi amechoka nami. Nikiikosa nafasi hii nahamishiwa darasa la hoteli. Darasa la hoteli! Mimi, Korbinian Schipflinger, niliyeteremka mteremko mkali kuliko yote nikiwa bado na meno ya utoto, nikajifunze kukunja leso za mezani ziwe na umbo la bata. Nikamwambia Kocha asijali. Akasema yeye hajali hata kidogo, wa kujali ni mimi.

Jumanne, 24 Septemba

Wapinzani wangu. Acha nicheke kwanza.

Laurin Hechenblaikner. Baba yake daktari wa meno. Mtoto anakunywa juisi ya bitiruti mpaka midomo inatisha. Mkononi ana saa inayompimia mapigo ya moyo. Kila akikaa anaitazama, nadhani anahakikisha kwamba bado yu hai. Leo mezani aliniuliza mbele ya watu kama nimeshachagua rangi ya aproni. Wakacheka. Nikamjibu kwamba siku nitakapomletea supu, nitaitemea kwa heshima zote anazostahili. Mpishi Notburga akasikia, akanipokonya donge langu la pili la mkate na jibini. Haki iko wapi?

Vinzenz ni mwenzangu wa chumba. Mwezi wa pili alianguka mashindanoni, kano ya goti ikakatika, hospitali wakamshona kama mpira wa ngozi. Tangu hapo hana maisha. Alfajiri yuko juu ya kibao cha kuyumba, mguu mmoja, anapiga mswaki. Nafumbua jicho, naona korongo. Anasema goti linapona nukta kwa nukta. Nukta! Mbio namshinda hata nikibeba kabati mgongoni. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waache wainame. Mimi cha mvunguni nakitoa kwa ufagio.

Na ufagio nimeshaupata.

Mbio za Jumamosi zinapita barabara ya lami. Barabara hiyohiyo ndiyo wanayoteremkia ng'ombe wa Mjomba Ruprecht kutoka Moosegg kila mwisho wa kiangazi, maua vichwani, kengele kubwa kama ndoo shingoni, watalii wamejipanga na kamera zao. Wakishaijaza barabara hapiti hata paka. Mwaka huu wanashuka Jumapili. Je, wakishuka Jumamosi? Kila mkimbiaji atagota pua kwenye pembe. Kila mmoja, ila anayeijua njia ya msituni. Nani anaijua? Aliyechunga kule kila likizo. Mimi!

Jumatano, 25 Septemba

Nimekwenda kwa mjomba baada ya masomo. Nilimkuta zizini. Nikamwambia theluji nzito inakuja Jumamosi usiku, ng'ombe watakwama huko juu. Akauliza nani kasema. Nikasema simu. Akasema simu haijawahi kukamua. Nikaapa kwa jina la bibi. Akautazama mlima kitambo, akakubali: Jumamosi asubuhi. Kazi nyepesi kama kumsukuma mlevi.

Mjomba hana raha tangu Agosti, radi ilipomuua Alma, ng'ombe wake kiongozi, kulekule malishoni. Nikampa pole tena, na ya dhati. Alma alikuwa na roho nzuri. Aliwahi kuitafuna kofia yangu ya mashindano na bado nikampenda.

Nikapita jikoni kumsalimia mkaza mjomba Walburga. Kwa kawaida wiki hii hupati pa kuweka kiwiko mezani pake, kumejaa maua ya karatasi, matawi ya msonobari na utepe wa kuwapambia ng'ombe. Safari hii meza tupu, anachambua plamu za jamu. Nikamtania kwamba uzee umemwingia, maua amechelewa. Akanitazama kama nimekanyaga kaburi. Watu wa mlimani hawajui utani.

Alhamisi, 26 Septemba

Viatu vya Vinzenz vya kukimbilia vimefungua midomo kama mamba. Nimempa jozi yangu ya pili. Si huruma, ni heshima ya chumba. Watu wakiona viatu vile watadhani na mimi ni maskini wa akili.

Halafu nikamwambia siri yote. Sijui kwa nini. Moyo wangu una mdomo wake. Nikamwambia tupite wote msituni, mimi niwe wa kwanza, yeye wa pili, Laurin abaki kuzungumza na ng'ombe. Alinisikiliza huku akifunga kamba.

“Korbi, njia ile imejaa mizizi,” akasema. “Goti langu linataka lami.”

Nikamwambia lami itakuwa na ng'ombe. Akasema atapita kati yao polepole, atawaomba radhi. Mtu wa namna hii unamsaidiaje?

Kasoro moja: Laurin alituona tukinong'ona. Akaja na gilasi yake nyekundu, akijifanya anatafuta chumvi. Nikamshauri kama ndugu yake wa tumbo moja kwamba Jumamosi asiiache lami hata akipewa dhahabu. Alinishukuru sana. Sijaona kijana anayeshawishika upesi namna ile. Ndiyo matunda ya bitiruti.

Ijumaa, 27 Septemba

Sikufanya mazoezi. Jemadari hachimbi handaki.

Kocha alinikuta nimelala nyasini akauliza ninafanya nini. Nikasema nakusanya nguvu. Akaniagiza nizikusanye nikiwa nimesimama.

Jioni madonge manne. Notburga amenisamehe, au hakunihesabia.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeoga na kuoga tena. Bado nanuka.

Tulitoka getini kundi zima, pumzi zinatoka moshi. Nilikimbia nao mpaka kanisa dogo la njiapanda, hapo nikainama kana kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Wote wakanipita. Vinzenz naye akanipita, na viatu vyangu, akaniuliza kama niko salama. Nikamwashiria aende zake. Kisha nikapotelea msituni.

Njia ile ni nyembamba. Upande mmoja mwamba, upande mwingine genge, na chini yake kijito. Lakini mimi ni mtoto wa huko. Nilikuwa naruka mizizi kama paa. Nikatega sikio nisikie kengele upande wa barabarani. Kimya. Nikajisemea ng'ombe bado wako nyuma kidogo, mambo ni mazuri.

Mara nikasikia vijiti vinavunjika nyuma yangu. Nikageuka. Laurin!

Nikamuuliza, huku nikikimbia, kama hakuusikia ushauri wangu wa kindugu.

“Niliusikia vizuri,” akasema, akihema. “Wewe ukinionyesha mashariki, mimi nakwenda magharibi.”

Shukrani ya punda! Tukasukumana kwa viwiko, hatua kwa hatua, kila mmoja akimwita mwenzake mhudumu. Tukazunguka kona ya mwamba.

Na hapo, uso kwa uso, ng'ombe.

Ng'ombe wote. Njia imejaa kutoka mwambani mpaka gengeni. Hakuna ua hata moja. Kengele zimesokomezwa nyasi kavu zisilie. Mbele anatembea Mjomba Ruprecht, kofia nyeusi kifuani, kama anayesindikiza jeneza.

Nikamuuliza amefuata nini huku, barabara iko kule.

“Alma amefia mlimani, we mtoto,” akasema. “Tangu lini nyumba yetu ikapita barabarani na msiba?”

Nami nililijua hilo. Kila mtoto wa bonde hili analijua. Ng'ombe akifia juu, kundi halipambwi. Na kwetu, tangu enzi za babu, halipitishwi mbele ya watu, linashuka kimya kwa njia ya nyuma. Nililijua kama jina langu. Sikulikumbuka tu, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye mambo makubwa.

Nikamsihi mjomba atupishe. Nikamweleza kwamba hapa ni barafuto au bata wa leso. Akasema msiba haupitwi kwa mbio, na tuvue kofia. Laurin, ambaye hakuzaliwa na adabu, akajaribu kujipenyeza kati ya ng'ombe na mwamba. Ng'ombe mmoja akambana kwa ubavu, taratibu, bila chuki, mwingine akaanza kuilamba saa. Saa ikapiga kelele kwamba moyo wa mwenyewe uko hatarini. Mjomba akaamuru izimwe, hapa ni matangani.

Ng'ombe hawageuki kwenye njia ile. Tukageuka sisi. Mjomba akanikabidhi kamba ya ndama, Laurin akatwishwa gunia la chumvi, na hivyo ndivyo tulivyoshuka mlima wote tulioupanda, vichwa wazi, mwendo wa mazishi. Ndama alikuwa wa Alma. Alinyonya mkono wa fulana yangu njia nzima na sikumzuia. Macho yalinitoka maji kidogo. Ni manyoya ya ng'ombe, hunidhuru.

Tulipotokea kanisani niliinua macho. Barabara ya lami ilikuwa tupu, safi, haina hata alama ya ukwato mmoja. Na kule juu kabisa, karibu na kibanda, kitu kidogo kinapanda. Hakikimbii. Hakisimami. Nukta kwa nukta.

Jumapili, 29 Septemba

Jua kali kama la Julai. Mjomba amepiga simu shuleni kuulizia theluji. Ameomba nikasafishe zizi, Jumapili hii na nyingine zote mpaka nitakapooa.

Kocha alitusimamisha mimi na Laurin mbele ya wote. Sikuona hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema Vinzenz alifika akiwa wa mwisho kati ya walioshika barabara, na kati ya watatu wenye kugombea alifika peke yake, kwa hiyo yeye Kocha hana cha kupima, nafasi ni ya Vinzenz. Laurin akasema angeshinda kama si mimi. Nikasema ningeshinda kama si yeye, ng'ombe, radi na dini ya ukoo wangu. Kocha akatuambia tumalizie mjadala huo jikoni.

Darasa la hoteli, kuanzia kesho. Laurin naye. Baba yake anakuja Jumanne kulalamika. Aje. Meno anayang'oa kila siku, tuone kama ataung'oa uamuzi wa Egartner.

Tukala mlo wa jioni. Hakuna aliyeulizia aproni.

Jumatatu, 30 Septemba

Leo kikosi cha barafutoni kimeondoka. Skii za Vinzenz nilizipaka nta mwenyewe na makali nikayanoa kwa tupa, maana akiachiwa yeye atateleza kama mtu aliyevaa mbao za zizi. Nikamchukulia na begi mpaka kwenye basi. Si lolote. Goti lake si la kubebea begi, na begi likimwangusha hapa getini itaonekana ni chumba chetu kimeanguka.

Akanirudishia viatu. Ameviosha, ameweka na gazeti ndani vikauke vizuri. Nikamwambia avivae mwenyewe huko juu, mimi nahudumia meza siku hizi, nahitaji viatu vyeusi. Akasimama kwenye ngazi ya basi akinitazama.

“Korbi, ungekimbia barabarani tu ungeniacha mbali,” akasema. “Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua.”

Masikini. Hewa ya juu imeshamwingia kabla hajapanda.

Basi lilipoondoka nilikaa ukutani nikafikiri sana, na nimepata somo kubwa. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa kutegemea ng'ombe. Sasa nimtazame mshindi kwa jicho la mtu aliyeona dunia: Vinzenz ana nini ambacho mimi sina? Mbio? Hana. Akili? Angepita msituni. Ana goti! Kwa ajili ya goti Notburga humwongezea donge bila kuombwa. Kwa ajili ya goti Kocha husema naye kwa sauti ya chini kama kanisani. Wakati wote nilikuwa nashindana na goti, nami nimesimama na mawili mazima kama mjinga.

Kuna jaribio jingine Desemba, kwa wale wa darasa la hoteli wanaotaka kurudi. Laurin ameshaanza kukimbia alfajiri. Nimemwona dirishani, nikamhurumia, nikarudi kulala.

Mimi kesho naanza kuchechemea. Bado sijaamua goti lipi. La kushoto linapendeza zaidi, lakini nikitembea na sinia la supu nageukia kushoto.