Nyegere wa Moshono

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nampenda Mwalimu Aikande. Haya, nimeandika. Leo nimepita kwao Moshono asubuhi kumuuliza Kiingereza, mchana kuuliza tena, jioni kuuliza kama nimeuliza sana. Akacheka, akaniita "badger". Kumbe ni mnyama! Nyegere! Haogopi hata simba. Calvin, yule dereva wa watalii anayejipitisha pale na mabuti yake, hajawahi kuitwa hata sungura.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda kushukuru. Calvin na kiherehere chake akafungua kamusi kwenye simu. Eti neno hilo pia ni kumsumbua mtu mpaka achoke. Nikauliza kama hakuna maana nyingine. Ipo ya zamani: mchuuzi wa nafaka. Nikamwambia Aikande hiyo ndiyo yangu, mama si anauza mahindi? Hakucheka. Akasema amechoka kweli, nisije tena. Nimerudi kwetu Sombetini kwa miguu. Inauma, jamani.

Jumatano, 12 Machi
Akili imerudi! Aikande ni Mchagga. Wachagga ukiwapelekea jani la mmea wa isale kuomba msamaha, hawakatai. Mimi Mwarusha, lakini najifunza haraka. Jani moja kwa kosa langu? Nitabeba mzigo! Nakumbuka masale yamejipanga vizuri nyuma ya nyumba yao. Hayana mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi
Yana mwenyewe. Ni mpaka wa kiwanja! Baba yake, Mzee Abdiel, aliugombania na jirani miaka mingi, na mimi nimeung'oa na mizizi yake. Nikapiga magoti na mzigo wangu. Mzee akahesabu mashimo. Nikajua nimekwisha. Kisha akasema isale halikataliwi, hata la wizi, ila niyarudishe yote kwenye mashimo yake kabla jirani hajatoka kazini. Aikande akavua viatu, akanishikia kamba ili mstari unyooke. Tukiwa tumeinama kwenye tope, akasema polepole kwamba jana nyumba ilikuwa imepooza mno. Nije Jumapili baada ya ibada. Mara moja tu. Sikuuliza hata saa ngapi. Mimi!

Ijumaa, 14 Machi
Nimetulia kabisa. Sasa najua kusubiri. Ila masale yakihamishwa yanataka maji, na aliyeyang'oa ni mimi. Kwa hiyo leo nimepita asubuhi, na mchana kidogo. Mvua inanyesha tangu alfajiri. Jioni naenda na ndoo.