Direkta Anataka Moshi

Habari ililetwa na Kanamugire, ambaye tunamwita Radio kwa sababu anapeleka maziwa kwenye nyumba za Wazungu na kurudi na maneno yao. Hakungoja hata kukaa kwenye ubao wa Mama Généreuse, pale chini ya shamba la maua ya pareto ambapo jioni tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kuchafua majina ya wakubwa.

"Nestor, kaka, unafukuzwa."

Nestor alikuwa na mrija mdomoni. Kazi yake ni kulinda moto katika nyumba ya kukaushia maua, nasi tunamwita Askofu, maana anafanya kazi akiwa amekaa.

"Nani amesema?"

"Direkta mupya. Iko kwa baraza yake kule mulimani na ile darubini. Anaangalia balimaji, anaona jembe inapanda, inashuka. Anafurahi. Anaangalia kwako, haoni kintu. Akauliza kapita, musimamizi yetu, ule muntu anafanyaka nini? Kapita akasema, anakaaka. Siku ya posho utatoka mu nyumba ya kambi, wewe na bibi yako Agathe na batoto, uende kungoa bisiki."

"Lakini moto muzuri haitoake moshi. Kuni ikauke, joto ipande polepole, ukae hapo ukinusa. Ukichokora-chokora, maua inaungua."

"Mimi niko muntu ya maziwa. Umuelezee ye."

Athanase akacheka. Huyu tunamwita Avoka, yaani wakili, tangu aliposhinda kesi ya mbuzi asiye wake.

"Mukubwa anaaminiaka jicho yake tu. Ata mimi. Bibi yangu akipika sombe ya majani ya muhogo, naona sombe. Kutwanga siionake. Njo maana nasemaka kupika ni kazi rahisi."

"Njo maana unakulaka kwa batu," alisema Mama Généreuse, ambaye asubuhi anachuma maua shambani na jioni anatumiminia kasiksi.

Avoka akamgeukia Nestor. "Askofu, Direkta anataka moshi. Umupe moshi. Tupia majani mubichi ya kalitusi."

"Maua itaharibika."

"Maua ni ya nani?"

"Ya Direkta."

"Na nyumba yenye Agathe amelala na mutoto muchanga?"

"Ya Direkta vilevile."

"Basi, umuachie moja, ushike ingine."

Sikupenda ushauri ule, lakini niliitikia kwa kichwa. Mvua ya huku Masisi haimhurumii mtoto mchanga, na mimi sikuwa na chumba cha kumpa Nestor.

Kesho yake moshi ulipanda mpaka ng'ombe wa Radio wakakohoa. Nestor alikimbia huku na huku akiwa na masizi hadi masikioni, akichokora moto usio na kosa lolote. Siku ya posho Direkta alimvisha kapoti ya kaki mbele ya watu wote, akasema sasa kuna mtu anayefanya kazi.

Jioni Nestor alikuja nayo kwenye ubao. Avoka alidai mfuko mmoja, kama malipo ya wakili. Tulicheka sana. Mama Généreuse hakucheka, akatugawia vibuyu vitupu.

"Munywe."

"Mama, hamuna kintu ndani," alisema Radio.

"Njo moshi hiyo. Si munaipendaka? Maua imetoka nyeusi. Direkta anasema sisi banamuke tunachuma mubaya, njo ameshika chumvi yetu yote ya posho. Mimi nachumaka na vidole, ua moja, ua moja. Kutoka kule mulimani, nani ataona vidole?"

Nestor alitazama chini. "Nitamuelezea Direkta."

"Na kapoti?"

Alishika vifungo. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana sote tulikuwa tumeinywa ile akili ya Avoka kama kasiksi ya bure. Mwishowe aliivua, akaiweka juu ya ubao, akapanda kwenda kwenye moto wake bila kuaga. Avoka peke yake ndiye aliyeuliza kama mfuko wake unabaki.

Asubuhi anga juu ya nyumba ya kukaushia lilikuwa safi kabisa, na maua yalitoka meupe. Radio alishuka mlimani na chombo kitupu cha maziwa.

"Direkta iko kwa baraza," alisema. "Anafurahi ju ya maua. Anasema banamuke bamesikia adabu. Sasa anaangalia kwa moto, haoni kintu, anauliza, ule muvivu amerudi lini?"