Kaytsak Haijafa, Asema Mwenyekiti

Ninayo heshima ya kuutangazia umma wa mji wetu wa Gyumri, na dunia kwa ujumla, kwamba Klabu ya Kandanda ya Kaytsak haijafa. Imo katika kipindi cha utulivu wa kimkakati.

Mimi, Hmayak, ndiye mwenyekiti wake. Nilipoingia madarakani tulikuwa tunafungwa kila wiki. Nikaunda kamati, nayo ikabaini kwamba vipigo vyote hutokea kwenye mechi. Tukafuta mechi. Wachezaji wakaonekana ni wa ziada, tukawaachisha, na uwanja nikautia kufuli ili nyasi zipumzike. Tangu hapo hatujafungwa hata bao moja. Tuliobaki klabuni ni mimi, kiti changu na hita.

Kumbe manispaa inakitaka kiti. Ikasema klabu iliyokufa haina haja ya mwenyekiti. Basi nikaitisha mkutano mkuu, asubuhi ya baridi kali, nikawaandalia wachezaji wa zamani supu ya makongoro yenye kitunguu saumu tele na pombe ya forosadi. Afisa wa manispaa akaja kushuhudia. Kwetu, tukinywa kwa heshima ya aliye hai tunagonganisha glasi. Tukinywa kwa marehemu, tunanywa kimya. Mlio mmoja tu wa glasi ungeniokoa.

Nikainua glasi. "Kwa Kaytsak!"

Wote wakamgeukia Mzee Sahak, kipa wetu wa zamani, aliyekuwa akiongoza meza, maana yeye ndiye huamua tunywe vipi. Akafuta kitunguu saumu kwenye masharubu.

"Hiyo Kaytsak iko hai, au tuko matangani?"

"Hai kabisa, mzee wangu! Shughuli zimesitishwa tu."

"Zimesitishwa na nani, we Hmayak? Sisi kila Jumapili tunacheza nyuma ya kinu cha unga. Jezi zilezile. Juzi timu ya wauza mikate wametupiga mabao sita."

"Saba," akasema Garnik, beki. "Moja lilipita umelala."

"Bila idhini yangu?" nikauliza.

"Tungekuomba, ungeunda kamati!" akajibu Garnik.

Wakaangua kicheko, wakagonganisha glasi hata supu ikamwagika. Kaytsak hai! Nilikaribia kulia kwa furaha. Afisa naye akaridhika: klabu ikiwa hai, uwanja ufunguliwe. Nikamkabidhi Sahak ufunguo, huku nikitabasamu kiofisi.

Sahak akainuka tena, safari hii uso mzito. "Na sasa, jamani, kwa mwenyekiti wetu."

Nikanyoosha glasi yangu. Wote wakainamisha vichwa, wakanywa kimya.

Nikaigonga kwenye chupa, angalau isikike. Afisa akanivuta mkono.

"Bwana, tafadhali," akaninong'oneza. "Heshimu marehemu."